Binti yangu anataka kutoka darasani kuandamana kupinga bunduki, shule imetishia kumsimamisha. Nimruhusu?

MamaNuru_Houston:

Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaolea watoto hapa Marekani.

Binti yangu mkubwa anasoma sekondari ya serikali, amebakiza mwaka mmoja amalize. Yeye na wenzake wamepanga Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi, watoke madarasani wakasimame uwanjani kwa dakika 17. Wanafuata walichofanya wanafunzi wa nchi nzima tarehe 14 Machi 2018, mwezi mmoja baada ya watu 17 kuuawa katika sekondari ya Parkland, Florida. Mkuu wa shule ametuandikia wazazi kwamba atakayetoka atasimamishwa masomo siku tatu, na barua ya mzazi haitasaidia.

Mimi nimesoma bweni Tanzania. Kwetu aliyegoma alichapwa mbele ya paredi, akaambiwa akamlete mzazi, na wengine hawakurudi tena. Baba yake anasema hatukuja huku ili mtoto afukuzwe shule.

Lakini mwaka jana shule yao ilifungwa ghafla kwa taarifa ya mtu mwenye bunduki. Baadaye ikaonekana si kweli. Nikiwa kazini nikapokea meseji: "Mama nakupenda. Usinipigie, simu ikitetemeka itasikika." Walikuwa wamejikunyata nyuma ya kabati la vitabu, taa zimezimwa, na mwenzake aliyekuwa pembeni amejiziba mdomo kwa sweta ili kilio kisitoke. Tangu siku hiyo nashindwa kumwambia anyamaze. Ila naogopa rekodi yake, naogopa chuo, na karatasi zetu pia, maana tuna grini kadi tu, uraia bado.

Mwl_Msaidizi:

Pole sana dada. Nafanya kazi kwenye shule hapa Texas, nikueleze ninavyolifahamu jambo hili.

Mwaka 1965 wanafunzi kadhaa wa Des Moines, Iowa, walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, shule ikawasimamisha. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 watoto wakashinda kwa majaji 7 dhidi ya 2. Mahakama ilisema mwanafunzi haachi haki yake ya kusema anapoingia geti la shule, ilimradi asivuruge masomo. Hiyo ni kwa shule za serikali. Shule binafsi zina masharti yao.

Sasa kutoka darasani ni kitu kingine. Shule inaruhusiwa kumwadhibu kwa kukosa kipindi. Isichoruhusiwa ni kumwadhibu zaidi kwa sababu ya ujumbe wake. Kwa hiyo chukua kitabu cha kanuni za wanafunzi, utafute adhabu ya mtoto aliyetoroka kipindi kimoja. Kama ni kubakishwa baada ya masomo, basi waulize hizi siku tatu zimetoka wapi. Waulize kwa maandishi na wajibu kwa maandishi, kabla ya Ijumaa.

Barua kama hiyo siyo ngeni kwetu. Februari 2018 msimamizi wa shule za Needville, hapo jirani yako, alitangaza siku tatu hizo hizo kwa atakayeandamana saa za masomo, hata wawe wanafunzi mia tano, na akasema barua za wazazi hazitapunguza adhabu. Miezi mitatu baadaye watu 10 wakauawa kwenye sekondari ya Santa Fe, ambayo nayo haiko mbali na Houston. Mimi siwezi kuisoma barua ile bila kuikumbuka Santa Fe.

BabaWawili:

Mama Nuru, mimi namuunga mkono mumeo. Mtoto mweusi akisimamishwa hatazamwi kama mtoto wa Kizungu aliyesimamishwa. Na wakitoka nje ya geti, wakakutana na polisi, hapo habari ya haki za mwaka 1969 nani atamsikiliza? Aandike barua kwa mbunge, avae nguo ya rangi ya chungwa kama wanavyofanya wanaopinga bunduki, lakini abaki darasani. Nasema hivi kwa sababu nawapenda hawa watoto.

Zuhra_MN:

Shikamooni. Mwaka 2018 nilikuwa kidato kama cha Nuru, na nilitoka.

Shule yetu haikututisha. Ilitufungulia milango, ikatupangia ratiba, mkuu wa shule akashika maiki akazungumzia upendo na kutoonea wenzetu. Neno bunduki halikutajwa hata mara moja. Tulirudi darasani tukiwa tumepongezwa, na tulichotaka kusema hatukukisema. Kwa hiyo mama, hata shule ikibadilika ikakubali, Nuru na wenzake waombe wao wenyewe ndio wazungumze.

Kuhusu adhabu: Pennridge, Pennsylvania, wanafunzi 225 walipewa adhabu ya kubaki shuleni. Walipoenda kuitumikia, walikaa chini wakiwa wamebandika kifuani majina ya waliouawa Parkland, adhabu yenyewe ikawa maandamano. Greenbrier, Arkansas, wanafunzi watatu walichapwa kwa ubao kwa sababu ya kutoka. Ndiyo, hapa hapa Marekani. Texas nayo viboko vinaruhusiwa shuleni, ila mzazi unaweza kuvikataa kwa maandishi. Kama hujawahi kuandika barua hiyo, iandike leo.

Chuo kisikunyime usingizi. Mwaka ule MIT, Yale na vyuo vingine vingi vilitangaza kwamba adhabu ya kuandamana kwa amani haitamharibia mwanafunzi nafasi yake. Akiulizwa kwenye fomu, aeleze ukweli.

Mtu_wa_Goma:

Mama, pole. Sisi tulikimbia bunduki na watoto mgongoni. Kufika huku, mtoto wa darasa la pili anafundishwa mahali pa kujificha. Mimi ningemwacha asimame, na mimi ningesimama barabarani ng'ambo ya shule anione.

Mwl_Msaidizi:

@BabaWawili hofu yako ni ya haki kabisa kaka. Ndiyo maana nasema wabaki ndani ya eneo la shule, wasiingie barabarani, wasibishane na mtu, na dakika zikiisha warudi darasani moja kwa moja. Kusimamishwa na shule si hukumu ya mahakama. Kukamatwa na polisi ndiko kunakoweza kuigusa grini kadi. Mama Nuru, kwa hilo mpigie mwanasheria wa uhamiaji kabla ya Ijumaa, usitegemee maneno ya humu.

MamaNuru_Houston:

Asanteni sana ndugu zangu. Kanuni nimezipata: kutoroka kipindi mara ya kwanza ni kubakishwa shuleni alasiri moja. Siku tatu hazimo popote. Nimemwonyesha baba yake, amesoma kimya, kisha akaniuliza mwanasheria anapatikana saa ngapi.

Nuru mwenyewe amesema alasiri moja ataitumikia bila kulalamika, siku tatu atazipinga. Barua ya kukataa viboko nimeshaipeleka. Kesho nataka kumwandikia mkuu wa shule. Nianze na kanuni, au nianze na ile siku ya meseji?

Zuhra_MN:

Anza na meseji, mama. Iandike kama alivyokutumia, neno kwa neno. Kanuni iweke chini yake na namba ya ukurasa, umwombe ajibu kufikia Jumatano. Nakala itume kwa wajumbe wa bodi ya shule, barua pepe zao ziko kwenye tovuti ya wilaya.