"Fast" ya Kiingereza: maneno matatu au moja?

Mdadisi: Wakuu, naomba ufafanuzi. "Run fast" ni kimbia upesi. "Stuck fast" ni kunasa kabisa, hakisogei. Halafu "fast" hiyohiyo ni kufunga, kushinda bila kula. Yamefanana kwa bahati tu, au mzizi ni mmoja? Na kwenye sentensi nitajuaje imekusudiwa ipi?

Mzizi: Mzizi mmoja. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "fæst", likimaanisha imara, iliyokazwa, isiyosogea. Maana hiyo ndiyo mama, na bado iko hai kwenye "fasten" (t haitamkwi), "steadfast" na "colourfast", yaani rangi isiyochuja. Mabaharia wakisema "make fast" wanataka kamba ya chombo ifungwe. Kijerumani nacho kina "fest", imara. Ila ukikuta "fast" kwenye Kijerumani usiingie mkenge: kwao ni "karibu", kama katika "karibu wote".

Kasi imeingia kupitia kielezi, "fæste": kwa nguvu, kwa kukaza. Kukimbia "fæste" kulikuwa kukimbia kwa kukaza, na anayekaza ndiye anayewahi, basi polepole watu wakasikia upesi badala ya nguvu. Sisi tunasema kaza kamba, kaza mwendo, na hakuna anayeshangaa. Kivumishi cha kasi, kama "a fast horse", kilifuata nyuma ya kielezi.

Kalamu2: Nyongeza kuhusu saumu. Kitenzi chake kilikuwa "fæstan", na wazo lake ni kujishikilia, kushika sharti bila kulegeza. Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kiingereza na Kijerumani, kilikuwa na "fastan" kwa yote mawili, kushika na kufunga. Mswahili anayefunga mlango na kufunga Ramadhani kwa kitenzi kimoja hana haja ya maelezo marefu hapo. Hata "breakfast" ni kuvunja mfungo, jirani kabisa na kifungua kinywa.

Mzizi: Hilo la kufunga nililisahau, asante.

Sarufi Kwanza: Kwa matumizi, tazama kitenzi kilicho jirani. Hold, stand, stick, shut, tie: hapo ni imara. "Fast asleep" iko kundi hilo, amelala fofofo. Kitenzi cha mwendo au cha kazi (run, drive, type) kinaleta kasi. Saumu utaitambua kwa sababu "fast" yenyewe inakuwa kitenzi au nomino: "she is fasting", "a three-day fast".

Pa kuteleza ni kwenye saa na kamera. "Five minutes fast" ni saa iliyotangulia dakika tano. Huenda inatembea sawasawa, ila iliwekwa vibaya. Lenzi "fast" ni yenye tundu pana la kupitisha mwanga: tundu la kipimo f/1.4 huingiza mwanga mara nne ya lile la f/2.8, kwa hiyo picha iliyohitaji sekunde 1/60 inapigwa kwa takriban 1/250. Kasi hapo ni ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kujifunga picha inapopigwa. Lenzi yenyewe haikimbii popote.

Na tafadhali, msiandike "he runs fastly". Kielezi cha kale kilitofautiana na kivumishi kwa e ya mwisho tu. E ilipodondoka, vikabaki sura moja. "Hard" ni hivyohivyo, na ukilibandika -ly unapata "hardly", ambayo ni kinyume cha ulichotaka: "he hardly works" ni kwamba hafanyi kazi, ila kwa nadra sana.

Mdadisi: Nimeelewa. Na Belfast?

Mzizi: Haimo. Hiyo ni Kiairishi, Béal Feirste, mlango wa mto penye fungu la mchanga. Lililomo ni lile lisiloonekana: "shamefaced". Zamani lilikuwa "shamefast", aliyeshikwa na haya. Watu walipoacha kuielewa -fast ya mwishoni, wakasikia "face", uso, na tahajia ikawafuata.