Mhudumu wa afya wa kijiji apewe mkoba wa dawa, au abaki na elimu na rufaa?

Hoja. Hospitali za makanisa huku kaskazini mwa Tanzania zinafundisha wahudumu wa vijiji vya mbali, Longido, Ngorongoro, Simanjiro. Baadhi ya wamisionari wanataka mhudumu arudi kijijini na mkoba wa dawa. Wengine wanasema dawa zibaki zahanati, yeye aelimishe na kuandika rufaa. Karibuni.

Muuguzi, Moshi: Apewe. Nimonia haisubiri gari la siku ya mnada. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayefikisha 40, anahitaji amoksilini, dawa ya kuua bakteria, siku hiyohiyo. Kuhesabu kunafundishika: mtoto ametulia, hanyonyi, nguo imepandishwa kifua kionekane, na saa imalize dakika nzima. Anayehesabu sekunde 30 kisha akazidisha mara mbili anazidisha na kosa lake. Vidonge vya kuyeyuka vya 250 mg: mdogo 1 asubuhi na 1 jioni, mkubwa 2 na 2, kwa siku 5. Dozi ya kwanza inywewe mbele ya mhudumu. Ila mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea, huyo ni wa hospitali, hakuna mjadala.

Mfamasia, Arusha: Dada, vipimo vyako ni sahihi, lakini umeanzia kwa mtoto. Mimi naanzia stoo. Dawa mseto ya malaria haitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na nyumba ya bati Longido saa 8 mchana inapita hapo. Halafu mkoba ukiisha, nani anaujaza? Miaka ya 1970 na 1980 wahudumu wa vijiji walifundishwa, vijiji vikatakiwa kuwalipa, fedha hazikuwepo, wengi wakaacha. Mwenye dawa asiye na posho ataziuza, na mteja mwenye hela ya nusu dozi atauziwa nusu dozi. Hapo ndipo usugu wa vijidudu unapozaliwa.

Mkufunzi wa afya ya jamii, Arusha: Mnabishana juu ya mkoba kabla ya kuuliza ugonjwa. Utafiti wa 2007 na 2008 hapo Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Baadhi ya waliobaki walikutwa na maambukizi mengine, yakiwemo ya kutoka kwa mifugo: brusela, homa ya Q, leptospira. Sasa mgeni anakuja wiki mbili na somo lililojaa malaria! Mhudumu anapima, anaona mstari mmoja, yaani hakuna malaria, na hakufundishwa kinachofuata. Mama ametembea saa 3, kumrudisha mikono mitupu ni vigumu, basi anampa dawa mseto. Nusu ya mafunzo iwe juu ya kipimo hasi: hesabu pumzi, uliza kama wanakunywa maziwa mabichi, uliza kama kuna mbuzi waliotupa mimba, na homa iliyopita siku 7 ipewe rufaa. Tena vipimo vingi vya haraka hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyetibiwa malaria juzi asipimwe kwa kipimo cha aina hiyo.

Mwinjilisti, Monduli: Mhudumu achaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji. Akichaguliwa kwenye benchi la kanisa letu, boma la dhehebu lingine halimfungulii mlango, na Kristo hakuuliza dini kabla ya kuponya. Tena awe mama anayezungumza Kimasai, maana mwanamume haingii kwa mama aliyejifungua.

Muuguzi, Moshi: Mwinjilisti, naafiki. Kaka mfamasia, suala lako la kujaza mkoba lina mfano. Mwaka 1970 madaktari Wakristo, Raj na Mabelle Arole, walianza kazi Jamkhed, India. Wanawake waliowafundisha, wengi wao hawakujua kusoma, walirudi kituoni kila wiki kujifunza tena na kueleza walichokutana nacho. Kwetu kila wiki ni ngumu, umbali hauruhusu. Kila mwezi inawezekana: muuguzi wa zahanati akae na mhudumu, wahesabu pumzi za mtoto mmoja kila mtu kivyake, walinganishe, kisha mkoba ujazwe.

Mfamasia, Arusha: Na wahesabu vidonge. Daftari likionyesha watoto wakubwa 3 wametibiwa nimonia, vidonge 60 viwe vimetoka na maganda matupu yarudi. Bila maganda, hakuna kujaziwa. Kwa sharti hilo nakubali amoksilini. Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki sina ubishi nazo hata leo: 20 mg kwa siku, nusu yake kwa mtoto chini ya miezi 6, siku 10 hata kama kuhara kumekoma. Posho sikubali tuiruke. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu ngazi ya jamii Januari 2024. Hospitali ya kanisa iende kwa mganga mkuu wa wilaya, iwaingize watu wake humo. Isiyoweza kuonyesha fedha za posho na usimamizi za mwaka wa pili itoe zinki, chumvichumvi na utepe wa kupima mkono ili kujua utapiamlo, iishie hapo.

Mkufunzi wa afya ya jamii, Arusha: Utepe huo nao una rufaa yake. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 lazima apelekwe kituoni. Nauli ya kumpeleka iko kwenye bajeti ya nani?