Mrejesho: siti za pikapu ya mzee

Wakuu, niliuliza Hilux ya mzee niitafutie siti za mtumba au nishone zilezile, maana springi zilikuwa zinachoma makalio. Nimeshona. Za mtumba matundu ya bolti hayakuendana, fundi akataka kuchomelea reli nikakataa, siti ing'oke kwenye breki halafu? Fundi wa Ngamiani, Tanga mjini, kaweka sponji mpya na leza nyeusi, safi kabisa. Balaa nimelikuta chini ya kapeti, mzee alikuwa anaweka ndoo za samaki miguuni, maji ya chumvi yakakaa humo kutu ikala sakafu, nimekwangua nikapiga msasa na praima, tundu moja likachomewa kiraka. Kapeti sirudishi, naweka mpira tu. Harufu bado ipo kidogo, mzee anasema ndo pafyumu ya Tanga.