Jiwe la Livingstone pale Westminster Abbey: "mikono ya uaminifu" ndiyo nini, si waandike majina?

Mtu wa Kaole: Wakuu salaam. Kuna jambo linanikera miaka yote. Pale Westminster Abbey London, kanisa wanalovishia taji wafalme wa Uingereza tangu William wa Kwanza Krismasi ya 1066, katikati ya sakafu kuna kaburi la Livingstone. Jiwe linaanza kwa kusema kaletwa na mikono ya uaminifu, bara na bahari. Mikono! Alipofariki, jamaa waliomtumikia wakiongozwa na Chuma na Susi walitoa moyo wake wakauzika kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwili wakautia chumvi wakauanika juani wiki mbili, wakaufunga kwenye gome la mti na turubai wakapiga lami, wakatembea nao miezi tisa mpaka Bagamoyo Februari 1874, halafu jiwe linataja mikono kana kwamba ilikuwa inatembea yenyewe. Hoja yangu: waongeze majina ya Chuma na Susi. Mnasemaje?

kifaru_mzee: Naunga mkono asilimia mia. Tena ndo hao hao walibeba jeneza mpaka ndani ya kanisa.

Mwl wa Zamu: Hapo umechanganya mkuu. Aliyekuwepo kwenye kulibeba jeneza tarehe 18 Aprili 1874 ni Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik kule India, pamoja na Wazungu kina Stanley na Kirk. Chuma na Susi wamefika Uingereza watu wameshazika. Fikiria umebeba maiti kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano halafu mazishi unayakosa.

Nyeri Kwetu: Si muache tu hiyo maneno. Hao walikuwa wapagazi, na kubebea wazungu mizigo ni kazi mnaijua sana nyinyi watu wa Bongo. Sisi huku Kenya Elizabeth alipanda mti pale Treetops, hoteli ya juu ya mti, 1952 akiwa binti wa mfalme akashuka akiwa Malkia, Abbey ikakuja kumvisha taji Juni ya 1953 wakati kazi tulishamaliza. Hiyo sasa ndo historia.

kifaru_mzee: Kazi mlishamaliza ipi? Yule mama kafiwa na baba yake yuko kwenu anaangalia tembo, nyie mnahesabu kama mafanikio. Msiba wa mtu umekuwa kivutio cha utalii.

Mnyamwezi Original: Wewe wa Nyeri ngoja nikwambie kitu na unisikilize vizuri. Upagazi ilikuwa AJIRA. Babu zetu walikuwa wanapatana mshahara na posho kabla hawajainua mzigo, ukileta ujanja njiani wanautua chini wanakuacha porini na vitambaa vyako, muulize Mzungu yeyote aliyepita Tabora enzi hizo. Usitumie neno mpagazi kama tusi wakati hiyo barabara yote ya kutoka pwani mpaka Ujiji imefunguliwa kwa mabega.

Nyeri Kwetu: Mabega ndo nilisema. Asante kwa kuthibitisha.

Mnyamwezi Original: Na huo mwaka wenu wa 1952 mbona unaishia Februari? Oktoba si ndo huyo huyo Malkia wenu mliyempandisha mti serikali yake ikawatangazia hali ya hatari? Nyeri hiyo hiyo.

Nyeri Kwetu: Hapo sasa umevuka. Nyanyangu alikaa ndani ya kijiji kimezungushiwa miiba na mtaro, usiniletee hali ya hatari kwa utani.

Mnyamwezi Original: Utani uliuanza wewe.

Binti Mzizima: Jamani. Mimi naishi Uingereza, hilo jiwe nimeliona kwa macho. Kiingilio chao kinauma, nilichofanya nikaenda ibada ya jioni ambayo ni bure, nikakaa kama muumini. Mlango mkubwa wa magharibi ukiingia kuna kaburi la Askari Asiyejulikana wa 1920, limezungushiwa maua mekundu, hakuna anayekanyaga, hata maharusi wa kifalme wanapita pembeni. Ukisogea mbele kidogo ndo Livingstone, na huyo watu wanapita juu yake kama zulia. Nilisimama pale nikatafuta jina moja tu la mtu wetu, hakuna.

kifaru_mzee: Dada kwa hiyo na wewe ulimkanyaga?

Binti Mzizima: Kidogo. Kwa kisigino.

Abu Shangani: Mimi swali langu ni tofauti. Huyu Susi jina lake Abdullah. Mnataka jina la Abdullah likaandikwe kwenye sakafu ya kanisa likanyagwe na watalii? Hiyo ni heshima au kejeli? Na hii tabia ya kuzika watu ndani ya nyumba ya ibada, wafalme thelathini, washairi, Newton, Darwin, hata majivu ya yule mwanasayansi Hawking ambaye alimkataa Mungu mwenyewe, mimi siielewi.

Mwl wa Zamu: Susi alibatizwa Zanzibar 1886 akaitwa David, sheikh wangu.

Abu Shangani: Miaka kumi na tatu BAADA ya kumbeba. Alipombeba alikuwa Abdullah. Usimbatize kabla ya wakati.

Mwl wa Zamu: Sijambatiza mimi!

mkazi wa Gulu: Samahani nikiingilia. Juu ya huo mlango wa magharibi tangu 1998 kuna sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20, na mmoja ni askofu mkuu wetu Janani Luwum aliyeuawa 1977 wakati wa Amin. Kwa hivyo wakitaka kuongeza Mwafrika wanaweza, nafasi ipo. Kuna pia tabot, kibao kitakatifu cha kanisa la Ethiopia, Waingereza walikiteka Maqdala 1868, wameifungia ndani ya altare, na 2024 walikubali kimsingi irudi. Si mambo yameshafunguka?

Nyeri Kwetu: Kwanza niulize, hao Chuma na Susi ni Watanzania kweli? Nasikia Susi ni wa Shupanga, Msumbiji.

Mnyamwezi Original: Chuma ni Myao.

Nyeri Kwetu: Myao wa wapi? Alikombolewa kwa wafanyabiashara wa watumwa huko upande wa Malawi 1861. Kwa hivyo mmebeba hata wapagazi ambao si wenu hahaha.

Mnyamwezi Original: Wayao wapo Tunduru, wapo Masasi, na wote wawili wamekufa Zanzibar, Chuma 1882, Susi 1891. Mtu anakuwa wa pale alipozikwa.

Abu Shangani: Kwa mantiki hiyo Livingstone ni Mwingereza wa nusu tu, moyo uko Zambia.

kifaru_mzee: Mskochi. Ukimwita Mwingereza wanakasirika, waulize Waskochi habari ya lile jiwe lao la kifalme lililokuwa chini ya kiti cha taji. Wanafunzi walilichomoa humo humo Abbey Krismasi ya 1950.

Binti Mzizima: Naona wanaume mnagawana maiti. Kulikuwa na Halima kwenye ule msafara, mpishi wa Livingstone, mzee mwenyewe alimsifia kwenye daftari lake. Hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja.

Mtu wa Kaole: Nimetoka kidogo kuswali narudi nakuta kurasa tatu za Nyeri na Tabora. Wakuu, swali lilikuwa JIWE. Chuma na Susi walipofika Kwihara, karibu na Tabora, Mzungu Cameron aliwaambia wamzike pale pale, wakakataa. Watu wa njiani wakagoma maiti isipite, wakaifunga kama robota la jora wakaipitisha. Hiyo si mikono, hicho ni kichwa. Naandika barua kwa mkuu wa kanisa, nani ananisaidia Kiingereza?

Nyeri Kwetu: Mimi. Lakini Mnyamwezi aombe msamaha kwanza.

Mnyamwezi Original: Kwa lipi? Wewe futa neno mpagazi.

Binti Mzizima: Halima muandike wa kwanza.

Nyeri Kwetu: Sifuti.