Ile parafujo ya umeme pale Cragside: imeharibu urithi au ndo urithi wenyewe?

Wakuu habari za Jumapili. Jana nimetoka kutembea Cragside na jamaa zangu wawili, huku Northumberland kaskazini mwa Uingereza, tukabishana njia nzima kwenye gari mpaka tunafika hakuna aliyekubali kushindwa, kwaiyo nauleta ubishi hapa.

Kwa msiopajua, ni nyumba ya tajiri wa enzi za Malkia Victoria, William Armstrong. Alianza 1863 na kijumba cha kupumzikia tu, baadae ikawa jumba la ajabu. Akaziba vijito akapata maziwa matano, ukiyaona utadhani ni urembo wa kutembezea wageni kumbe yanapiga kazi. Maji ya ziwa Tumbleton yanaendesha pampu, pampu inapandisha maji ya matumizi hadi kwenye tangi lililo juu zaidi ya nyumba, na presha ya maji hayohayo ndo iliyokua inapandisha lifti na kule jikoni inazungusha chuma cha kuchomea nyama. 1878 akafunga dinamo, akawasha taa ya umeme chumba cha picha, 1880 akaleta balbu za mvumbuzi Joseph Swan.

Zile taa za maktaba ndo zilinimaliza. Ni vyungu vya shaba vilivyopakwa enameli, balbu juu, na kwenye kitako chake kulikua na kikombe cha zebaki. Umeme ulikua unapita hapo kwenye zebaki, swichi hakuna. Ukitaka kuzima unakinyanyua chungu, ukitaka kuwasha unakirudisha mahali pake, basi. Mi na umri huu sijawahi kuona kitu kama hicho (wala nisingetaka mtoto akishike).

Sasa ubishi wenyewe. 2014 National Trust, ambao ndo wanapatunza, wakafunga pale Tumbleton parafujo ya Archimedes, lichuma la mita 17, maji yanashuka ndani yake yanalizungusha na linafua umeme kama kilowati 12 hivi, unatosha taa za nyumba. Jamaa wa kwanza anasema wamechafua mandhari, umelipa kiingilio uone karne ya 19 unakutana na chuma kinang'aa, wangefufua mitambo ya zamani au wangeacha. Wa pili anasema mitambo mibovu ya matajiri waliokufa isile hela kabisa.

Mi siko na yeyote kati yao. Huyu wa kwanza namuuliza, karne ya 19 ipi? Maana Armstrong mwenyewe hakutulia, dinamo ya kwanza ilipozidiwa na taa akajenga kituo kingine kikubwa cha umeme pale Burnfoot 1886, hakusema jamani tusiguse hii ni historia. Mtu wa hivyo angeikuta parafujo angeuliza inatoa umeme kiasi gani, rangi yake asingejali. Mitambo ya zamani itunzwe ndio, ipakwe mafuta, watu waione, ila maji yaendelee kufanya kazi, maana bila hiyo kazi yale ni madimbwi tu yenye miti pembeni.

NYONGEZA: kuna mdau kaniuliza mbona namsifia mtengeneza mizinga. Kweli, kiwanda chake cha Elswick kilimtajirisha kwa mizinga, pamoja na kreni za bandarini zinazoendeshwa kwa presha ya maji, na anayeshindwa kuyapenda yale maziwa kwa sababu hiyo namuelewa. Ila hoja hiyo inagusa nyumba nzima, huwezi kuitumia kuiondoa parafujo halafu ukaenda kushangaa maktaba.

Na yule jamaa wa mandhari kuharibiwa nimemuomba anitumie picha za jana. Katuma 14, parafujo ipo kwenye 11.