Oksijeni ilishuka tukihangaika na mrija wa hewa: tuanze kurekebisha wapi?

Muuguzi wa Zamu, Tabora

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Usiku mmoja katika chumba chetu cha dharura tulimpokea kijana aliyeanguka na bodaboda, akiwa hajitambui, anakoroma na mdomo umejaa damu. Daktari aliamua kumwekea mrija wa hewa. Dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli zilikwisha kuingia ndipo tukagundua kwamba mashine ya kunyonya damu na mate haivuti. Majaribio mawili yalishindikana, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikashuka kutoka asilimia 91 hadi 60 kabla mtaalamu wa usingizi hajafika kutoka chumba cha upasuaji. Kijana alipona, lakini mimi sijatulia tangu siku ile. Kila ninapouliza ninaambiwa tusubiri laringoskopi ya video, kile kifaa chenye kamera cha kuonea koo. Je, hakuna tunachoweza kufanya kwa vifaa tulivyo navyo?

Mtaalamu wa Usingizi, Kigoma

Pole sana, ndugu yangu. Laringoskopi ya video ni kifaa kizuri, lakini damu ingeifunika kamera yake na msingeona kitu, kwa hiyo mashine ya kunyonya ndiyo ingewafaa zaidi usiku ule.

Jambo kubwa ninaloliona ni ile 91. Mtu mzima mwenye afya aliyevuta oksijeni tupu kwa dakika 3 anaweza kukaa bila kupumua kwa takriban dakika 8 kabla kipimo hakijashuka chini ya 90, ilhali aliyekuwa akivuta hewa ya kawaida hupata kama dakika 1 tu, na majeruhi aliyepoteza damu hupungukiwa zaidi ya hapo. Mgonjwa wenu alilegezwa misuli akiwa hana akiba. Barakoa yenye mfuko inahitaji lita 10 hadi 15 kwa dakika, na mashine nyingi za kuchuja oksijeni tulizo nazo wodini hutoa lita 5 pekee. Kwa hiyo barakoa ifungwe kwenye mtungi, nayo mashine ilishe mipira ya puani, ambayo haiondolewi hata wakati wa kuingiza mrija. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, na kwa kuwa ni majeruhi, kitanda chote kiinamishwe upande wa miguu bila kukunja shingo. Kola ya shingo ifunguliwe mbele, mtu mmoja akiwa ameshika kichwa na shingo. Asipofika 94 kwa njia hiyo, msaidieni kwa ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, kabla ya kumpa dawa ya kulegeza misuli.

Jaribio likishindikana, rudini kwenye ambu, na msirudie kwa namna ileile: badilisheni mkao, au mtumie bugi, ule ufito laini wa kuongozea mrija.

Daktari wa Dharura

Ninakubaliana na mwenzangu, ila ninaongeza suala la nani anasema. Mwaka 2005 nchini Uingereza mama mmoja, Elaine Bromiley, alifariki baada ya madaktari wazoefu kuendelea kung'ang'ania mrija katika upasuaji wa kawaida, ilhali wauguzi walikwisha kuleta vifaa vya kufungua njia ya hewa shingoni. Hawakupata nafasi ya kusikilizwa. Ndiyo maana kwetu muuguzi husoma orodha kwa sauti kabla ya dawa: mashine ya kunyonya imejaribiwa na inavuta, mrija wa pili upo, barakoa ya koo (ya kupitishia hewa mrija ukishindikana) ipo, kisu namba 10, bugi na mrija namba 6 vya kufungulia njia ya hewa shingoni vipo mezani. Yeye huyohuyo hutaja kipimo kinaposhuka hadi 93, na hapo daktari huacha, awe nani.

Tena, msitegemee kusikiliza kifua na ukungu ndani ya mrija kuthibitisha kwamba umeingia mahali pake. Ripoti ya NAP4, uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza kuhusu matatizo ya njia ya hewa, ya mwaka 2011, ilionyesha vifo vilivyochangiwa na kutotumia kipimo cha hewa ya ukaa anayoitoa mgonjwa. Kama kipo kimoja tu hospitalini, pazeni sauti ili kiruhusiwe kutoka chumba cha upasuaji.

Muuguzi wa Zamu, Tabora

Asanteni sana. Leo asubuhi nimeijaribu mashine yetu ya kunyonya: mpira wake ulikuwa na ufa karibu na chupa. Nimeubadilisha, na kuanzia zamu ya leo atakayepokea kazi ataijaribu kwa maji kabla ya kutia sahihi. Daktari, ninaomba maneno kamili ya orodha yenu, ili niyabandike ukutani.