Alama za kurudia kwenye karatasi ya shamiseni: narudi wapi, na mara ngapi?

nyuzi3_Kampala
Wadau, salaam. Nina karatasi ya wimbo wa kienyeji wa Kijapani kwa shamiseni (ala ya Kijapani ya nyuzi tatu), mtindo wa bunkafu: mistari mitatu, namba juu ya mistari. Vipimo ni 24, kila kimoja mapigo mawili. Namba nazisoma, ila alama za kurudia zinanipoteza. Ziko hivi:

- mwanzo wa kipimo cha 5 kuna ‖: na juu yake kitu kama S iliyokatwa mstari
- juu ya 12 kuna mabano yenye 1. na mwisho wake :‖
- juu ya 13 kuna mabano yenye 2.
- mwisho wa 20 pameandikwa Fine
- mwisho wa 24 pameandikwa D.S.

Nikipiga moja kwa moja, metronomu ikiwa 60 (mapigo 60 kwa dakika), namaliza kwa sekunde 48. Rekodi ya wimbo huohuo kwa kasi ileile ni dakika moja na nusu na ushee. Nimeacha nini? Na je, sehemu ya kurudia naizungusha mpaka basi, kama amadinda (marimba ya Kiganda)?

mwalimu_wa_solfa
Ulichoacha ni sekunde 44, na zote zimo ndani ya alama hizo tano. Usishike bachi (kibao cha kupigia nyuzi) kwanza. Chukua penseli, andika njia yote kwa namba za vipimo:

1–4
5–12
5–11, 13
14–24
5–11, 13
14–20, mwisho.

Nukta mbili huelekea upande wa kurudiwa. Ukifika :‖ mwisho wa 12, unarudi mpaka kwenye ‖: inayoitazama, yaani mwanzo wa 5. Si mwanzo wa karatasi. Mwanzo wa karatasi ni kwa pale tu ambapo hakuna ‖: yoyote nyuma yako. Kosa hili huwaingiza watu kwenye utangulizi mara ya pili, na mwimbaji anabaki amefungua mdomo bure.

Mabano ya 1. na 2. ni milango miwili ya chumba kimoja: unatoka kwa mmoja tu kila mara. Mara ya kwanza unapiga 12, mara ya pili unairuka 12 kabisa, kutoka 11 hadi 13. Anayepiga 12 kisha 13 atasikia sentensi ya muziki inafungwa mara mbili, na yuko kipimo kimoja nyuma ya wenzake.

D.S. inakurudisha kwenye ile S iliyokatwa. Hapa wengi wanakwama, kwa sababu S imekaa palepale penye ‖: na mtu anaanza kurudia upya. Desturi ni kwamba baada ya D.S. hurudii tena mabano, unachukua mlango wa 2 moja kwa moja na kusimama kwenye Fine (mwisho). Fine uliipita mara ya kwanza bila kusimama, na ndivyo inavyotakiwa. Ingekuwa D.C. ungeanzia kipimo cha 1.

Sasa hesabu: 4 + 8 + 8 + 11 + 8 + 7 = vipimo 46, mapigo 92. Kwa metronomu 60 ni sekunde 92. Rekodi yako haijadanganya. Ukipenda kuhakiki karatasi nyingine yoyote, fanya hesabu hii kabla ya kupiga. Usipokaribia urefu wa rekodi, kuna alama umeiruka au rekodi ina beti zaidi.

ennanga_na_nyuzi
Kuhusu amadinda: hapana, ssebo. Amadinda ni mzunguko, mapigo 24 au 36 mara nyingi, na karatasi yake haihitaji kusema urudi kwa sababu hakuna pa kwenda kwingine. Kwenye bunkafu ‖: :‖ bila neno lolote ni mara mbili kwa jumla, yaani unaipiga halafu unairudia mara moja. Wakitaka zaidi wanaandika ×3, au 三回 (mara tatu).

Kuna mahali unapokaribia amadinda: kipande kifupi kiitwacho ji, ambacho shamiseni moja hukizungusha huku nyingine ikipamba juu yake. Hapo unaendelea hadi ishara ya mwenzako, kwa hiyo msikilize yeye badala ya kuhesabu.

Nyongeza, kwa sababu waliozoea namba za amadinda huangukia hapa. Kule 1 hadi 5 ni sauti zenyewe, na nukta ni pigo tupu. Kwenye bunkafu namba ni mahali pa kidole kwenye shingo, na 0 si kimya: ni uzi unaopigwa bila kubanwa. Nukta moja nene ● katikati ya namba ni pumziko la pigo moja. Isichanganywe na nukta mbili za kurudia, ambazo hubanana na mstari mnene wa wima.

nyuzi3_Kampala
Asanteni sana. Njia nimeielewa, sasa mkono. Kipimo cha 12 kinaishia 10 kwenye uzi wa tatu. Cha 5 kinaanza na 0 kwenye uzi wa pili, kisha 4 kwenye uzi wa tatu. Kila nikirudi nachelewa, na kunatoka sauti ya ziada ambayo haijaandikwa.

mwalimu_wa_solfa
Sauti hiyo ya ziada unaitoa kwa kidole cha kushoto. Unakivuta unapokiondoa kwenye 10, na kukivuta ni hajiki, pigo ambalo karatasi huliandika kwa ハ. Kinyanyue wima.

Kuchelewa nako kuna sababu. 10 ni katikati kabisa ya uzi, 4 ni robo ya uzi kutoka juu, kwa hiyo mkono unasafiri robo nzima, sentimita 20 hivi, tena kwenye shingo isiyo na vigawanyo. Ile 0 ndiyo nafasi yako: uzi wa pili unalia wenyewe, mkono wa kushoto hauna kazi. Safiri wakati huo, usingoje 4 ifike. Zungusha vipimo 11, 12 na 5 peke yake kwa metronomu 40, mara kumi bila kosa, kisha panda tano tano. Kuanza wimbo mwanzo kila unapokosea kutakufundisha utangulizi tu.

karatasi_za_wima
Siku utakayopata karatasi ya wima, inayosomwa juu kwenda chini, safu za kulia kwanza, utakutana na 〱, kama く iliyorefushwa, pamoja na 々 na ゝ. Angalia imekaa wapi. Ikiwa kwenye safu ya maneno, inarudia maneno au silabi za mwimbaji, wewe mkono unaendelea mbele. Neno la kurudia muziki kwa kawaida ni 繰り返し. Weka alama kwa penseli nyekundu pale sehemu ya kurudia inapoanzia na inapoishia, maana kwenye safu za wima jicho hupotea zaidi kuliko kwenye mistari mitatu.